Upepo Upo

Chumba cha mashine, 3 Machi

Shikamoo, Shangazi.

Salamu hizi zinatoka kwa mtu aliyetua ndege mara mia nne na kumi na moja na hajaua abiria hata mmoja. Nitafutie rubani mwingine mwenye rekodi hiyo. Usinitajie vyeti. Cheti ni karatasi, na karatasi hata mbuzi anatafuna. Kwamba ndege yenyewe imefungwa miguu kwenye sakafu ya zege, na abiria wake ni viti viwili vitupu, hilo ni jambo dogo, tusigombane.

Huku wote wazima. Bibi amepata miwani mipya na tumejuta. Alipokuwa haoni, nyumba ilikuwa na amani. Sasa anaona utando wa buibui darini, anaona doa kwenye kola yangu, na jana amenishika kidevu akasema, "Kumbe ndiyo sura yako hii! Miaka yote nilidhani umefanana na babu yako." Mama anashona sare za shule, nyuzi ziko mpaka kwenye chai. Anakusalimu sana, anasema wifi yake asikonde kwa ajili ya watu wasio na haya.

Na hao wasio na haya ndio walionishikisha kalamu.

Leo wiki nzima tangu utoke hapa kupimwa, na uso ule. Nimeandika kila kitu wazi, hata unayoyajua, ili siku ukiisoma barua hii mbele ya kamati ya rufaa, wale wazee waelewe wanashughulika na ukoo gani. Basi wazee, sikilizeni. Mbuni ni mashine ya mazoezi: chumba kizima cha rubani, kimesimama juu ya miguu sita mirefu, kinayumba, kinatetemeka, lakini hakiruki. Ndiyo maana nikaiita Mbuni. Marubani huja hapa kila miezi sita kupimwa. Mimi ndiye ninayeiwasha asubuhi, ninayeifuta vioo, na kila marubani wakitoka mimi ndiye ninayeirudisha mwanzo, ili wanaofuata waikute kama haijaguswa na binadamu. Miaka minne. Mbuni ananisikia mimi kuliko anavyomsikia injinia.

Sasa huyu mkaguzi wako, Rula. Jina nilimpa mimi, na leo hata wapishi wanalitumia. Nimeona alichokiandika, maana aliacha faili wazi mezani na macho yangu hayana adabu. "Kapteni ameshindwa kusimamia mshuko. Anaitegemea mno mashine. Umri unaanza kuonekana." Umri! Yeye ambaye nywele zake unaweza kuzipa majina moja moja! Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Ningekuwa na cheo ningempa darasa. Ningemwambia, Bwana Rula, kaa chini. Kompyuta ya ndege haihesabu mshuko kutoka juu. Inaanzia chini, uwanjani, inarudi kinyumenyume: hapa niwe nimeshatoa magurudumu, pale niwe futi elfu kumi na mwendo usizidi mia mbili hamsini, na kule nyuma kabisa ndipo nifunge gesi nianze kuteremka. Inachora mstari, inaweka alama. Ikifika kwenye alama, kama umeiruhusu, injini zinanong'ona tu na ndege inateleza kama mtu anayeshuka kilima kwa baiskeli bila kupiga pedali. (Usipoipa ruhusa, yaani usipozungusha kile kitufe cha urefu ukaiwekea namba ya chini, itabaki hukohuko juu inakutazama. Ina adabu kuliko wakaguzi wengine.) Sasa pua ya ndege ina mabosi wawili, Mstari na Mwendo, na inaweza kumtii mmoja tu. Ikimtii Mstari, Mwendo anajiongezea atakavyo. Ikimtii Mwendo, Mstari unabaki chini huko na wewe uko juu. Kushuka kwa haraka na kupunguza mwendo kwa pamoja, haiwezekani, hata umtukane nani.

Ndiyo maana siku ile ulifungua breki za hewa, zile mbao zinazosimama juu ya mabawa, Mbuni akatetemeka mpaka chai ya Rula ikamwagikia suruali, na bado ulipita futi elfu kumi kwa mwendo wa mia mbili tisini. Kosa la nani? La mashine haliwezi kuwa, naitunza mimi. Kosa ni la Rula. Anakuchukia, basi.

Kaza moyo. Nipo.

Mtoto wako,
Kasuku

—

Nyumbani, 15 Machi

Marahaba, Kasuku.

Nimefurahi kwamba Bibi anaona. Mwambie na mimi nasubiri zamu yangu ya kukaguliwa sura. Hapa kwangu kimya. Kengele ya saa bado inalia alfajiri kama zamani, naamka, navaa, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Kabati la vyombo nimelipanga upya mara mbili. Mpe Mama yako pole ya sare.

Simu yako inaita mpaka inachoka. Jumatatu mara tatu, Alhamisi mara nne. Kwa hiyo naandika, na afadhali, kwa sababu maandishi yanashikika.

Darasa lako limenichekesha, na kucheka nilikuwa nimesahau. Lakini usiende kulitoa popote, lina makosa. Breki za hewa si mbao. Na Mwendo hajiongezei "atakavyo". Ana kikomo, na akikikaribia, mashine yenyewe inauacha Mstari na kumshika yeye. Ndicho kilichotokea. Tukiwa futi elfu kumi na nane kioo kiliniandikia niongeze ukinzani wa hewa, nikafungua breki, hazikutosha. Mashine ikauacha mstari. Tangu hapo nilikuwa juu ya njia mpaka uwanja ukaonekana chini ya miguu yangu, na nikalazimika kuzunguka nije upya. Rula hakunionea kwenye hilo. Alichoandika kilitokea. Kasirikia nilichokikasirikia mimi, neno lile la umri, basi. Mengine yalitokea.

Nisichokijua ni kwa nini tulianza kushuka tumechelewa.

Nakuomba karatasi moja tu. Mbuni anahifadhi kila kilichoandikwa kwenye kompyuta yake na saa kilipoandikwa. Nataka ukurasa wa upepo. Kompyuta ikiambiwa huko mbele kuna upepo wa usoni, inajua ndege itazuiwa, basi inachelewa kuteremka. Sisi siku ile tulipewa hewa tulivu. Msaidizi wangu, yule kijana aliyekaa kulia, ndiye aliyeuangalia ukurasa. Akasema, "Upepo upo," tukaendelea. Sikutazama mwenyewe. Nataka kujua ni upepo gani uliokuwepo.

Kumbukumbu zinajifuta baada ya siku tisini. Hiyo ni tarehe 25 Mei. Kikao cha rufaa ni 2 Juni. Nikishindwa, wananitoa kiti cha kushoto, cha kapteni, na kwa mtu wa miaka hamsini na moja hakuna kurudi. Miaka kumi na tisa nimekaa kiti kile. Sijui kukaa kwingine, hata hapa mezani naona kama nimekaa upande.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Unabonyeza, unachapa, unatia kwenye bahasha.

Shangazi yako

—

Chumba cha mashine, 9 Aprili

Shikamoo, Shangazi mwenye simu nyingi.

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mapokezi siku kumi, dada wa mapokezi aliiwekea kikombe juu. Simu yangu nayo ina ugonjwa, inaita yenyewe ila haisikii. Bibi mzima. Ameanza kusoma magazeti ya zamani tuliyofungia vyombo, kila siku anakuja na habari ya mtu aliyekwisha kufa akitaka tuhuzunike upya. Mama amemaliza sare, sasa anashona makoti. Mimi nimenenepa kwa hasira.

Kuhusu ile karatasi, mashine ya kuchapa haina wino. Wino umeagizwa. Ukifika nitachapa.

Lakini usidhani nimekaa bure! Jumanne nilimkuta Rula kantini. Amekaa peke yake anakata mkate vipande vya mraba, vyote sawa, Mungu ni shahidi. Nikaenda na sinia langu nikakaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana adabu kwanza.

"Marahaba."

"Nakuuliza habari za yule kapteni uliyemwandikia umri. Wewe ulizaliwa juzi?"

Akaweka kisu chini taratibu. "Kijana, wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake."

"Basi mwambie mama yako akate rufaa. Njia ipo."

"Njia unaijua wewe? Wewe hata foleni ya chai unaipima!"

Wapishi wakacheka hadi mmoja akaangusha mwiko. Hapo ndipo kichwa kikawa kikubwa, Shangazi, najua nina tabia hiyo. Nikasimama, nikapaza sauti, nikamwambia siku gari lake likishuka kilima likakosa breki, asije akaandika ni umri wa gari. Yeye hakukasirika hata kidogo, jambo lililonikera zaidi. Alinifuata mpaka mlangoni akaniambia maneno mawili matatu pembeni. Hayana maana, siyarudii.

Na huyo kijana wako wa kulia, mbona humsemi? Yeye ndiye aliyesema upepo upo. Mkamateni yeye. Mtu ana macho mawili na mshahara, anasema upepo upo kama anamjibu mgeni chumvi ipo.

Nimekutetea mbele ya watu arobaini. Si haba.

Kasuku wako

—

Nyumbani, 18 Aprili

Marahaba nilikupa mwezi uliopita. Itumie hiyo hiyo.

Bibi mnunulie kitabu, aache magazeti. Hiyo ndiyo habari yangu ya kifamilia.

Jana nimepata barua ya ofisi. "Ndugu wa mkata rufaa alimtishia mkaguzi mbele ya wafanyakazi, akigusia breki za gari lake." Faili langu lilikuwa na karatasi nne. Sasa ziko tano, na ya tano ni yako. Kasuku, nilikuomba karatasi, ukaniletea ugomvi! Ulidhani watu arobaini wa kantini ndio watakaokaa kwenye kamati? Ulidhani nitasimama mbele ya wale watu, mimi ninayesema niko mtulivu, akili yangu timamu, halafu wasome kwamba kwetu tunakata watu breki? Uliposhindwa shule ni mimi niliyekwenda kuomba upewe kazi hiyo. Nilisema, ana mdomo, lakini mikono yake ni mizuri. Nimeona aibu mpaka nimekaa chini.

Na wino? Jengo la ghorofa tatu, kila ghorofa ina mashine ya kuchapa, halafu wewe unaniambia wino? Nimesafirisha watu miaka yote hii, najua mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Sasa soma vizuri, maana nimekaa na penseli siku mbili. Kila futi elfu moja za kushuka zinahitaji maili tatu. Hesabu hiyo tulifundishwa kabla kompyuta hazijawa na akili. Tulikuwa futi elfu thelathini na saba. Mara tatu, mia moja na kumi na moja. Ongeza kumi na kitu za kupunguzia mwendo. Tulipaswa kuanza kuteremka maili kama mia na ishirini na tano kutoka uwanjani. Tulianza kwenye mia na kumi.

Niliiona namba hiyo. Iko mbele ya macho yangu mpaka leo. Zamani ningeiambia mashine, "We, unasubiri nini?" nikashuka mwenyewe. Siku ile nilikaa nikaisubiri, kwa sababu huwa inajua. Hapo Rula amenipata, na ndiyo maana nina hasira isiyolala. Si yake peke yake. Nusu ni yangu.

Lakini maili kumi na tano hazitoki hewani. Huo ni upepo wa usoni wa sabini huko juu, unaopungua kadiri unavyoshuka. Hakuna aliyetupa sabini. Kuna mtu aliandika sabini kwenye ukurasa ule, na kijana wangu alipoukuta umejaa akadhani umetumwa na meza ya mkaguzi. Kosa letu ni kutosoma. Kosa la kuandika ni la mtu mwingine.

Nitumie ukurasa.

Shangazi

—

Chumba cha mashine, 6 Mei

Shikamoo.

Bibi mzima. Mama mzima. Mimi mzima.

Umeniandikia kama unamwandikia mwizi. Ukurasa hautoki hivi hivi, una neno la siri, na neno la siri analo injinia, na injinia yuko likizo. Nifanye nini, nimfuate kwao? Kila barua karatasi, karatasi. Kwani karatasi itakurudisha juu ya ile alama? Umesema mwenyewe kwamba namba uliiona. Uliiona, ukakaa. Sasa mnatafuta nani aliandika nini, wakati mwenye usukani alikuwa macho! Labda Rula hakukosea sana. Labda na wewe umechoka, useme umechoka, tupumzike wote.

Mimi nina kazi.

Kasuku

—

Nyumbani, 12 Mei

Kasuku,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sirudii, na wala sijibu ya umri. Nilipokufundisha kufunga kamba za viatu ulinipiga teke la kidevu. Hii imeuma kama ile.

Injinia nimempigia. Yuko kazini, hajaenda likizo, na ukurasa wa upepo hauna neno la siri. Anasema mhudumu wa mashine anautoa mwenyewe. Sikumwambia kwa nini nauliza, wala sikumwomba autoe yeye, kwa sababu nilitaka utoke mkononi mwako.

Nimekaa nikajiuliza, mtoto wangu mwenye mdomo kuliko redio anaogopa nini? Jibu limenijia juzi nikiosha sahani, na nimejilaumu kwa kuchelewa. Ulisema Rula alikufuata mlangoni akakuambia maneno, na maneno hayo hutaki kuyarudia. Wewe! Wewe unayerudia hata ndoto za watu! Amekutisha. Amekuambia ukitoa ukurasa ule, kazi huna. Na siku ile aliingia ndani ya mashine dakika kumi kabla yetu, eti anapanga meza yake. Dakika kumi zinatosha kuandika sabini.

Basi usitoe kitu, mwanangu. Usiharibu kazi yako kwa ajili yangu, nimekula chumvi ya kutosha. Nitasimama tarehe mbili bila karatasi nitamwambia mbele ya wakubwa wake kwamba alinitega. Nimeshaandika maelezo ya kurasa sita. Wakinifukuza, nitaondoka nimesema. Na wewe sitakutaja.

Nisamehe kwa yale ya wino.

Shangazi yako

—

Chumba cha mashine, 19 Mei

Shikamoo, Shangazi.

Bibi na Mama hawajui kama naandika. Wazima.

Usimtaje Rula. Chana zile kurasa sita, nakuomba, zichane kabla hujamaliza mstari huu. Hakunitisha. Maneno aliyoniambia mlangoni pale kantini ni haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mshuko wa shangazi yako haukuniingia akilini. Mashine ilichelewa. Nitolee ukurasa wa upepo, nikiona kitu nitaandika upya." Kumbe muda wote alijua wewe ni shangazi na si mama, maana wote hapa wanajua. Nami nikamjibu kwamba hakuna wino.

Ukurasa umo ndani ya bahasha hii. Niliuchapa siku ileile, 24 Februari, kabla hujafika hata nje ya geti. Umekaa chini ya vitambaa vya Mama tangu hapo. Nilikuwa nahesabu siku, Shangazi. Nilikuwa na kalenda, nakata siku kwa kalamu mpaka Mei ishirini na tano, na kila nilipokata niliona kama napona. Wewe ukahesabu maili kwa penseli, mimi nahesabu siku kwa kalamu, sasa nani mjinga?

Utaona namba sabini, na pembeni yake saa: saa saba na dakika ishirini mchana. Rula wakati huo alikuwa bado kantini. Ndani ya Mbuni nilikuwa mimi na dada wa mapokezi. Aliniuliza ndege inajuaje wakati wa kushuka, na wewe unanijua nikiulizwa. Nikakaa kiti chako. Nikamwambia tazama, alama ile pale, sasa naidanganya kuna upepo wa usoni, sabini, ona inavyosogea karibu na uwanja. Ikasogea. Akapiga makofi. Nikajiona nimeumba dunia.

Halafu nikabonyeza kitufe cha kurudisha mwanzo nikatoka nikimsindikiza. Kitufe kile kinarudisha ndege mahali pake, mafuta, hali ya hewa ya nje. Ukurasa wa upepo hakiugusi. Huo unafutwa kwa mkono, ni jambo la saba kati ya tisa kwenye kadi ninayotia sahihi kila zamu. Nakala ya kadi nimeiweka pia. Utaona sijaweka alama moja moja. Nimepiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini.

Nakala nyingine ya vyote viwili nimempa Rula mkononi leo asubuhi. Alisoma amesimama. Akauliza, "Shangazi yako anajua?" Nikasema atajua barua ikifika. Akasema ataandika kwa kamati leo hii hii, na kwamba hawezi kuninusuru mimi. Sikumwomba. Vitambaa vyangu vya kufutia vioo nimeshavikunja.

Na ile barua yangu ya tarehe sita, sijui niliiandikaje. Nilikuwa na hasira na mtu aliyekuwa anakaribia kunishika, na mtu huyo ukawa wewe.

Sasa hapo ningefunga. Ungesema, mtoto amesahau, uzembe, yamekwisha. Ungenisamehe, nakujua, na ndiyo maana siwezi kufunga.

Wakati mnaingia, wewe mlangoni, ulimgeukia Rula aliyekwisha kukaa ndani, ukanishika bega ukamwambia, "Huyu ni mtoto wangu. Akisema mashine iko sawa, iko sawa." Kisha ukaniuliza, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa. Na kweli wakati ule nilidhani hivyo. Mlango ukafungwa, Mbuni akasimama kwenye miguu yake, nami nikarudi kwenye meza yangu pale ukutani, penye kioo kidogo kinachonionyesha kila mnachokiona ndani.

Mlikuwa bado futi elfu thelathini na saba. Nikaiona alama yenu. Ilikuwa imekaa maili mia na kumi kutoka uwanjani, palepale nilipokuwa nimeisogeza, na nikakumbuka.

Simu ya kuongea na watu wa ndani iko upande wa kulia wa meza. Ningesema, samahani, futeni ukurasa wa upepo, kosa langu. Mngefuta. Rula angeguna, wewe ungenichekea, ungeshuka vizuri kama siku zote. Zilibaki dakika sita mfike kwenye alama. Nilizihesabu zote. Lakini ulikuwa umenisifu mbele yake, na sikutaka anisikie nikisema kosa langu.

Sikuinua simu, Shangazi. Nilikaa pale nikakutazama ukisubiri.